Namna ya Kufundisha Mchwa na Kibodi Garissa kabla ya Saa Nne Asubuhi

Siku moja niliwauliza watoto wa Gredi ya Nne, "Kipanya ni nini?" Darasa likanyamaza. Walijua nataka lile jibu la kitabuni, la kifaa cha kuingizia taarifa kwenye kompyuta, lakini lilikuwa limewatoka. Kisha msichana mmoja wa benchi la nyuma, ambaye kwao wanafuga mbuzi nje kidogo ya mji, akainua mkono. "Mwalimu, kipanya ni panya mdogo. Anakaa shimoni. Akisikia mguu wako anaingia ndani."

Nikampa alama zote. Halafu nikamwuliza, "Anajuaje kwamba ni mguu wangu?" Akafikiri kidogo, akasema, "Udongo unamwambia."

Mwongozo huu nimeujenga juu ya jibu hilo. Katika mtaala wetu wanyama wadogo na vifaa vya kompyuta wote wamo ndani ya somo moja, Sayansi na Teknolojia. Ila ukifuata kurasa, jongoo anafundishwa huku, kibodi inafundishwa kule, na mtoto hapati hata siku moja kuona kwamba ni habari moja. Mimi nasema vifundishwe siku moja, mahali pamoja, kwa swali moja. Mbele ya mdudu uliza: anajuaje? Mbele ya mashine uliza: inajuaje? Ukiwa na swali hilo huna haja ya maandalizi mengi zaidi.

Nimemwandikia hasa kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi, ambaye wazazi wamemwomba ashike darasa kwa sababu mwalimu hayupo. Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya 2014 na 2015, na tena mapema mwaka 2020 Tume ya Huduma za Walimu ilipowahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera, madarasa mengi yaliangukia mikononi mwa vijana kama huyo. Ndugu yangu, ukifika shuleni usianze kwa kutafuta maabara. Uwanja wenye mchanga na mwarobaini mmoja vinatosha.

Kusanya hivi: kijiko kuukuu, kopo tupu la maziwa ya unga, vijiti, kalamu za wino za aina mbili tatu, karatasi, bisibisi ndogo, na kibodi iliyokufa. Kibodi iliyokufa usiinunue. Nenda mjini kwa fundi wa kompyuta, msalimu vizuri, mwite adeer, yaani ami, mwambie, "Adeer, ile unayotaka kuitupa naomba iwe ya watoto." Utatoka na mbili, pengine na kipanya kilichokatika mkia. Nzima ikikosekana usiahirishe somo. Mchagua jembe si mkulima, na kwa kazi tuliyo nayo iliyokufa ni bora kuliko nzima, maana utaruhusiwa kuipasua.

Sasa saa. Jua la Garissa halina subira na mtu. Wapange watoto saa moja na nusu, na saa nne wawe wamerudi kivulini. Baada ya hapo mchanga unaunguza hadi kupitia ndara, wadudu wameshashuka chini kwenye ubaridi, na kishikwambi kilichoachwa juani kitajizima chenyewe kwa joto. Hilo la mwisho waambie watoto wazi: nge na kishikwambi wote wana kiwango cha joto wasichoweza kukivuka, na wote wawili wanajua kimefika lini.

Msimu nao una maneno yake. Siku mbili baada ya mvua ya kwanza ya Gu, mwezi wa nne, au ya Deyr, mwezi wa kumi, ardhi hufunguka kama soko: kumbikumbi wanaruka, jongoo wanatembea njiani bila haraka, sisimizi wanatoa udongo mpya mlangoni. Katika Jilaal, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka, usipoteze asubuhi kuchimba uwanja mkavu. Wapeleke watoto pale maji ya kunawia yanapomwagikia, chini ya mfereji au pembeni mwa mtungi. Penye unyevu wa kiganja kimoja pana wakazi.

Kuhusu nyungunyungu, ambaye vitabu vingi humweka mbele: watoto wa kando ya Tana, kwenye mashamba ya migomba na miembe yanayomwagiliwa, wanamjua. Wa mtaa wa Bula Iftin, mbali na mto, wengi hawajawahi kumwona. Mkiwa karibu na mto mchimbeni, mfunikeni nusu kwa jani, mtazame anavyokwenda upande wa giza ingawa hana macho. Ngozi yake ndiyo inayopokea mwanga. Mkiwa mbali na mto mrukeni. Mtoto afundishwe kwanza mnyama aliye chini ya mguu wake.

Kabla ya kugusa lolote, viatu. Mwiba wa mathenge unapenya ndara, basi anayevaa raba atangulie. Jiwe haliinuliwi kwa mkono wala halisukumwi. Liinue kwa kijiti ukilivuta upande wako, ili jiwe lenyewe liwe ngao kati yako na aliyelala chini yake. Aliyelala huenda ni nge, na nge anataka sehemu yake ya somo.

Waulize jina lake kwa Kisomali. Darasa zima litapiga kelele: dabaqallooc! Mkia uliopinda. Watoto wanaozungumza lugha hiyo nyumbani tayari wanajua sifa yake kuu kabla hujaandika ubaoni. Ongeza wasiyoyajua. Nge si mdudu, ana miguu minane, ni jamaa ya buibui. Mwenye vibano vyembamba na mkia mnene huwa na sumu kali kuliko mwenye vibano vikubwa na mkia mwembamba. Mtoto akiumwa hapelekwi kwenye wembe, anapelekwa hospitalini. Haya yaseme kwa sauti ya kawaida, bila kutisha, na uyarudie kila muhula.

Kisha swali letu. Nge ana macho kadhaa lakini haoni vizuri. Anajuaje kwamba mende anapita? Miguu yake inasikia mtetemo wa mchanga, na chini ya tumbo ana vitu viwili kama vichana vinavyopapasa ardhi anapotembea. Vile ndivyo vifaa vyake vya kuingizia taarifa. Habari inaingia kwa miguu na vichana, inafika ndani, inaamuliwa, kisha inatoka kwa mkia. Nilipowaeleza hivyo, mvulana mmoja alisema kwa uso mkavu kabisa, "Kwa hiyo miguu ni kibodi, na mkia ni printa." Sijawahi kuona kitabu kilichotenganisha vifaa vya kuingizia na vya kutolea kwa maneno machache kuliko hayo, wala sijaona mtoto wa darasa lile akivichanganya tena.

Kipo pia kipindi cha usiku, na hicho ni cha mzazi. Madukani mjini utaona taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Mwombe mwenye duka aiazime kwa jioni moja. Mmulike ukuta wa nje, rundo la kuni na mawe ya uani. Nge yeyote aliyepo atang'aa kijani cha buluu kama taa ya msikitini, kwa sababu gamba lake hugeuza mwanga ule usioonekana kuwa mwanga unaoonekana. Hooyo, yaani mama, akishaona hivyo mara moja, atakung'uta mikeka na viatu vya watoto kila siku bila kuambiwa na mtu.

Tukirudi asubuhini, kipindi ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji hata kuchimba. Nenda penye mchanga laini usiopigwa na mvua, chini ya ukuta au chini ya mti. Utaona vishimo vidogo vya duara, vimechongoka chini kama faneli, kila kimoja kina upana wa kifuniko cha soda au pungufu. Chini ya kila kishimo amejifukia mdudu mmoja, amebaki na taya tu nje. Watoto wa Garissa wanamjua wote. Wanamchokoza kwa unyasi wakati wa mapumziko. Safari hii waambie wakae kimya walale kifudifudi, macho kwenye kishimo.

Sisimizi anakuja. Anakanyaga ukingo. Chembe mbili tatu za mchanga zinaporomoka. Yule wa chini hajaona kitu, lakini chembe zimemfikia na mtetemo umemfikia. Mara anarusha mchanga kwa kichwa, tena, tena, mpaka ukingo unamfia sisimizi miguuni na anateremka mwenyewe kwenye taya.

Hapo simamisha kila kitu. Mtoto mmoja achukue unyasi aguse ukingo polepole: mdudu anarusha mchanga. Mwingine adondoshe chembe moja tu: pengine anarusha, pengine hapana. Wa tatu apige mguu chini hatua nne kutoka pale. Waandike. Wamefanya jaribio la kweli, na wameona kompyuta nzima ndani ya tundu la mchanga: kilichoingia, kilichoamuliwa, kilichotoka. Neno "ingizo" lisemwe sasa, wakati kidole cha mtoto bado kina mchanga. Likisemwa kabla ya hapo ni kelele tu.

Kisha waende kwenye kichuguu. Katika nchi hii kavu vipo vinavyozidi urefu wa mtu mzima, vyekundu, vigumu kama tofali. Waambie watoto kwamba mchwa wafanyakazi na askari wanaoishi humo hawana macho. Wanapanda kuvu ndani, wanakula, wanalea, wanajenga mnara, wote vipofu. Gonga kichuguu kwa kijiti kisha mtoto atege sikio. Askari wanapotiwa hofu hugonga vichwa vyao chini, na wenzao huupokea mtetemo huo kwa miguu. Ukimaliza hilo, neno "maikrofoni" halihitaji mchoro. Ni kitu kinachotetemeshwa na sauti na kupeleka habari ndani, kama miguu ya mchwa.

Beba mchwa wachache kwenye kopo mpaka kivulini, na uchukue karatasi na kalamu. Chora duara kwa kalamu ya wino, mweke mchwa mmoja juu ya mstari, ngoja. Zipo aina za mchwa ambao watafuata mstari huo kona kwa kona, wazunguke duara kama gari kwenye barabara ya mzunguko, kwa sababu wino wa baadhi ya kalamu una kemikali inayofanana na harufu wanayoiachiana njiani. Si kila mchwa na si kila kalamu, ndiyo maana nilisema ulete za aina mbili tatu. Waache watoto wagundue ipi inafanya kazi. Ikikataa buluu jaribu nyeusi. Zikikataa zote andikeni kwamba zimekataa, hilo nalo ni jibu. Lakini ikikubali, mtoto atakuwa amemwandikia mnyama amri kwa kalamu, na mnyama ameisoma kwa papasi. Usiseme kitu. Subiri waseme wao.

Mchwa warudishwe nyumbani kwao kabla jua halijawaua. Hili nalisisitiza. Mtoto anayetupa mchwa juani baada ya kumtumia atakuja kutupa na vingine.

Sasa kibodi. Tandika kitambaa cheupe, igeuze, mpe mtoto bisibisi. Nakumbuka ya kwanza tuliyoifungua. Kabla hata ya skrubu ya mwisho ilimwaga mchanga wa karibu kijiko kimoja, nywele, ganda la karanga, na sisimizi wanne waliokauka. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Mtoto mmoja aliwapanga wale sisimizi mstari mmoja juu ya kitambaa, akauliza kama ndio walioiua. Nikawasimulia kisa cha kweli: tarehe 9 Septemba 1947, huko Marekani, mafundi wa kompyuta iliyoitwa Harvard Mark II walikuta nondo amenasa ndani ya mtambo, wakamgandisha kwa utepe kwenye daftari la kumbukumbu. Daftari lile limehifadhiwa mpaka leo, na nondo wake yumo. Sisi nasi tuliwagandisha sisimizi wetu kwenye daftari la darasa, na tarehe tukaandika.

Ndani ya kibodi za kawaida utakuta chini ya vitufe vikombe vidogo vya mpira, na chini ya mpira karatasi mbili za plastiki zilizochorwa mistari ya kupitishia umeme. Kati yao kuna ya tatu yenye matundu. Kitufe kikibonyezwa, mstari wa juu unagusa wa chini kupitia tundu lake, umeme unapita, na kichipu kilichopo pembeni kinajua ni mistari gani miwili iliyokutana. Hakioni kidole wala hakijui kusoma. Kinajua tu kwamba pale pameguswa. Mtoto aliyelala kifudifudi mbele ya kile kishimo cha mchanga ataelewa mara moja.

Usifunge kibodi bado. Weka vitufe juu ya kitambaa, gawa kokoto na maharagwe. Kila herufi inayoandika neno la Kiswahili ipate kokoto. Inayoandika la Kisomali ipate haragwe. Q na X hazitapata kokoto hata moja, maana Kiswahili sanifu hakizitumii, na C itapata kwa sababu tu ya CH. Lakini Kisomali, ambacho kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972, kitazijaza zote tatu: qalin, xoolo, caano. Upande wa pili, P, V na Z hazitapata haragwe, kwa kuwa hazimo katika alfabeti ya Kisomali. Paka, vumbi na zulia ndizo zitakazoziokoa. Mkimaliza, hakuna kitufe cha herufi kilichobaki kitupu. Mpangilio huu wa vitufe ulitokana na taipureta za Marekani za miaka ya 1870, na waliouunda hawakuwa wakimfikiria mtu yeyote wa huku. Mtoto wa Garissa mwenye lugha zake mbili anaujaza wote, na hilo ni jambo la kuambiwa akiwa mdogo.

Kipanya kilichokatika mkia nacho kifunguliwe. Waambie cha kwanza kilitengenezwa Marekani mwaka 1964, katika maabara ya Douglas Engelbart: kipande cha mbao chenye magurudumu mawili chini. Kikaitwa panya kwa sababu ya waya uliotoka nyuma. Vya siku hizi vina kamera ndogo tumboni inayopiga picha za meza zaidi ya 1,000 kwa sekunde na kulinganisha kila picha na iliyotangulia. Kama shule ina kimoja kizima kiwekeni juu ya kioo kitupu. Mshale utayumba au utagoma, kwa kuwa kamera haina alama ya kushika. Kiwekeni juu ya mkeka, kitafufuka.

Na kwa sababu msichana wetu alianza na shimo, mmalizieni deni lake kwa kumsimulia fuko asiye na manyoya. Anaishi chini ya ardhi kavu ya Kenya, Somalia na Ethiopia, na mwaka 1981 mtafiti Jennifer Jarvis, aliyeanza kuwachunguza wanyama hawa hapa Kenya, alionyesha kwamba wanaishi kama mchwa: malkia mmoja anazaa, wengine wanafanya kazi. Huyu mnyama mdogo anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Haoni karibu kitu, lakini ana nywele chache ndefu zilizotawanyika mwilini zinazomwambia ukuta uko wapi, hata akikimbia kinyumenyume. Udongo unamwambia.

Kishikwambi nimekichelewesha makusudi. Mtoto anayetoka dugsi, chuo cha Kurani, anakijua tayari. Amekuwa akishika loox, ubao wa mbao, anaandika aya kwa wino wa mkaa, anahifadhi, anaosha, anaandika upya. Akipewa kishikwambi cha kioo mwambie ni loox inayojiosha. Halafu mpe jaribio: aguse kwa kidole, kwa kijiti kikavu, kwa kucha tupu, kwa kiwiko, kwa kidole kilichovikwa kitambaa. Kioo kinaitikia mwili kwa sababu mwili unapitisha umeme kidogo. Kijiti kikavu hakipitishi. Pua mbichi ya mbuzi inafanya kazi pia. Mlio karibu na mbuzi jaribuni, kisha mfute kioo vizuri.

Hapa ndipo moyo wangu unapouma, na sitauficha. Ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa kwenye kampeni za 2013, na vifaa vikaanza kufika shuleni 2016. Zaidi ya milioni 1 vilisambazwa nchini. Nimeingia katika shule ambako vimelala stoo ndani ya maboksi yake, kufuli mbili mlangoni, watoto wanachora kibodi ubaoni kwa chaki na kubonyeza chaki. Naelewa hofu ya wizi, na naelewa kwamba umeme ni shida. Lakini betri iliyolala miaka bila kuchajiwa inakufa bila kuibwa na mtu. Nje ya mji wa Garissa upo mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50 uliofunguliwa Desemba 2019; jua si kitu tunachokosa. Shule inayoweza kupata paneli moja ndogo inaweza kuamsha vishikwambi vitano, na vitano kwa zamu vinatosha darasa zima.

Atakayeuliza faida ya kuchanganya wadudu na mashine, mjibu kwa nzige. Mwishoni mwa Desemba 2019 makundi ya nzige wa jangwani yalivuka mpaka kuingia Mandera na Wajir, na kabla mwaka mpya haujazoeleka yalikuwa Garissa. Wakubwa wa watoto hawa wanakumbuka walivyogonga mabati na sufuria tangu alfajiri. Kundi la kilomita moja ya mraba linakula kwa siku chakula cha watu 35,000. Watu wote walitazama juu, lakini vita vilikuwa chini. Jike hupenyeza mkia wake kwenye mchanga wenye unyevu, sentimita 10 hadi 15, na kuacha humo kifuko cha mayai, makumi kwa makumi. Wiki mbili hivi baadaye tunutu wanatoka, hawana mabawa, wanatembea. Wakipatikana wakati huo wanaweza kudhibitiwa. Wakishapata mabawa wamekushinda.

Mwaka 2020 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na Chuo Kikuu cha Penn State, walitoa programu ya simu iliyoitwa eLocust3m. Skauti wa nzige alifika porini, akaona tunutu wakitambaa, akagusa kioo kuchagua alichokiona, akapiga picha, na simu yenyewe ikaongeza mahali aliposimama kwa msaada wa setilaiti. Habari ikaenda kwa wanaopanga ndege na dawa. Hesabu vifaa vya kuingizia taarifa katika kitendo hicho: kioo cha mguso, kamera, kipokezi cha setilaiti. Lakini kabla ya vyote lilihitajika jicho la mtu anayejua tunutu anafananaje na udongo wa namna gani unampendeza jike. Vijana waliochunga wanyama wana jicho hilo.

Watoto wanaweza kuucheza mchezo huo bila simu hata moja. Nusu ya darasa wafukie maharagwe uwanjani, vifuko vya mayai, mahali wanapoona nzige angechagua. Nusu nyingine wawe maskauti wenye simu za kadibodi: waguse, "wapige picha" kwa kuchora, wahesabu hatua kutoka kwenye mwarobaini ili waandike mahali. Madaftari yakusanywe kwa kiranja. Ndani ya dakika 20 mtaona ni skauti gani aliandika vizuri, kwa sababu mwenzake ataweza kwenda kufukua haragwe lile lile kwa kusoma maandishi tu.

Mwisho wa siku usiwape karatasi ya kutaja vifaa vinne. Kila mtoto achague mnyama mmoja na kifaa kimoja, aeleze kila kimoja kinajuaje. Msikilize kwa Kiswahili, na akikwama mruhusu amalizie kwa Kisomali, mwenzake atatafsiri. Yule msichana wa kipanya alichagua mdudu wa kishimo na kibodi. Alisema wote wawili wanangoja, na hawaamki mpaka waguswe.

Mwalimu mkuu, ufunguo wa stoo uko mfukoni mwako. Jumatatu saa moja na nusu tutakuwa chini ya mwarobaini, na vishikwambi vitano vinatutosha.